Paka wa Sokoke ana somo kwa mkulima wa Bariadi

Mavuno yakishaingia ndani, mkulima wa Bariadi, Maswa au Itilima huanza vita nyingine, nayo ni ya panya. Mahindi, mpunga, choroko na hata michembe huliwa usiku, na magunia hutobolewa. Paka ndiye mlinzi wa ghala, lakini ni wachache wanaomhesabu kuwa mali. Huko pwani ya Kenya yupo paka wa kijijini ambaye leo ukoo wake umeandikwa katika madaftari ya Ulaya na Marekani.

Asili yake

Paka huyo anaitwa Sokoke, jina lililotokana na msitu wa Arabuko-Sokoke uliopo kati ya Kilifi na Malindi. Wagiriama walimfahamu zamani kwa jina la khadzonzo, kwa kuwa mabaka yake hufanana na gome la mti.

Mwaka 1978 Jeni Slater, aliyekuwa na shamba la minazi eneo hilo, alikuta watoto wa paka hao, akawalea na kuwazalisha. Katika miaka ya 1980 Gloria Møldrup aliwapeleka baadhi yao Denmark, na mwaka 1993 shirikisho la kimataifa la wafugaji wa paka, FIFe, likaitambua mbegu hiyo.

Sokoke ni mwembamba, mwepesi na hodari wa kupanda. Miguu yake ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, hivyo hutembea kama anayenyata. Manyoya yake ni mafupi na hayana sufu nzito ya ndani, ndiyo maana baridi kali humsumbua.

Bei ilitoka wapi?

Paka hakubadilika alipovuka bahari. Kilichoongezeka ni kumbukumbu: baba yake nani, mama yake nani, alizaliwa lini na ana sifa gani. Mnunuzi hulipia uhakika huo. Kwa kuwa daftari liliwekwa nje ya Kilifi, soko nalo likawa huko.

Wafugaji wa Simiyu wanapaswa kulitafakari jambo hili. Ng'ombe wetu wa asili huvumilia ukame na magonjwa, lakini mnadani huuzwa kwa kutazamwa umbo tu. Anayeandika tarehe za kuzaa, maziwa na chanjo ana hoja ya kudai bei bora kwa dume la mbegu. Daftari la kawaida na kalamu vinatosha kuanzia.

Hesabu ya ghala

Huna haja ya kumtafuta Sokoke. Paka wa mtaani kwako anatosha, mradi achaguliwe vizuri. Chukulia kaya yenye magunia 20 ya mahindi. Panya wakiharibu gunia moja tu, hiyo ni asilimia 5 ya mavuno, na hasara huwa kubwa zaidi miezi ya njaa bei inapopanda. Linganisha na gharama ya kumtunza paka.

Ili apate kukufaa, zingatia haya:

Chagua mtoto wa paka ambaye mama yake ni mwindaji, na usimwachishe kabla ya wiki nane.

Mlishe kidogo kila siku. Wengi huamini kuwa paka mwenye njaa huwinda zaidi, lakini njaa humfanya azurure na kuhamia kwa jirani.

Mpatie chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani paka naye huambukiza. Muulize ofisa mifugo wa kata yako.

Usiweke sumu ya panya mahali alipo paka. Akila panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa, ukabaki huna mlinzi.

Usimruhusu ajisaidie juu ya nafaka. Mama mjamzito asisafishe kinyesi chake, kwani kinaweza kuwa na vimelea vinavyodhuru mtoto aliye tumboni.

Hata hivyo, paka peke yake hawezi kumaliza panya. Panya shamba jike huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Fyeka majani kuzunguka nyumba, inua ghala juu ya nguzo na zizungushie bati ili panya wasipande. Mwenye duka apange magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kabla ya msimu ujao wa mavuno, andika idadi ya magunia unayoingiza ghalani na yale yanayotoka. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo itakayokueleza paka wako ana thamani gani.