Chakula cha Meli za Kitalii: Tumlaumu Mpishi au Mhasibu?

Sisi wa kozi ya utalii na ukarimu tuna mjadala mmoja usioisha. Kila mada ya meli za kitalii ikifunguliwa darasani, lazima uibuke. Abiria wazoefu wanalalamika kwamba chakula kimeshuka: nyama ngumu kama soli ya kiatu, bafe ileile kila asubuhi, kamba-koche siku hizi anahesabiwa, na mhudumu hana hata nafasi ya kukuuliza umeamkaje. Upande wa pili unajibu kwa kejeli: umelipa nauli ya daladala, unataka huduma ya ndege binafsi?

Mimi naona pande zote mbili zinabishania sahani, wakati mambo yanayoiamua sahani hiyo yako mbali na jikoni. Na jambo hili si la kujifurahisha tu. Baadhi yetu tunaosoma gazeti hili, mwakani tutakuwa tunapeleka barua za kuomba kazi kwenye meli hizohizo.

Ubora wa namna tatu

Tukisema "chakula kizuri" huwa tunachanganya mambo matatu: usalama, ladha na huduma. Chakula kinaweza kuwa salama kabisa na bado kikawa hakina ladha. Kinaweza kuwa kitamu, kikaletwa na mtu aliyechoka mpaka anasahau ulichoagiza. Ukiyatenganisha haya, nusu ya ubishi inaisha yenyewe.

Tuanze na usalama, maana huo ndio wenye sheria kali. Meli zinazofika bandari za Marekani zikitokea nchi nyingine hukaguliwa na kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, CDC, chini ya mpango ulioanza mwaka 1975. Wakaguzi huja bila kupiga hodi, wanaingia jikoni, wanapima majokofu, wanafungua makabati, kisha wanatoa alama kati ya 100. Ukipata 85 au chini ya hapo, umefeli, na matokeo yanawekwa hadharani kila mtu ayaone. Kwa maneno mengine, ule wastani ambao sisi tungeusherehekea kwa soda, kwa jiko la meli ni aibu.

Kanuni zenyewe ziko wazi. Chakula cha moto kinatakiwa kikae kwenye nyuzi 57 za Selsiasi au zaidi, cha baridi nyuzi 5 au pungufu. Kikitolewa mezani bila kifaa cha kukitunza kwenye joto hilo, kuna ukomo wa saa nne, halafu kinatupwa. Sasa fikiria mayai ya kuvurugwa yaliyokaa kwenye trei ya moto kwa muda mrefu. Ni salama, lakini yamekauka, yanafanana na sifongo. Abiria anayelalamikia mayai hayo hajakosea, na mpishi naye hajakosea.

Kwa nini ukali wote huo? Kwa sababu meli ni kijiji kilichofungwa. Norovirusi, kile kirusi cha kutapika na kuharisha, kikiingia humo kinapita kwenye vishikio vya milango na vijiko vya bafe kama umbea bwenini. Dawa ya kupaka mikononi haikiwezi vizuri. Maji na sabuni ndiyo kinga. Ndiyo maana ugonjwa ukizuka, wahudumu hukataza abiria kujipakulia na wanawapakulia wao. Februari 2024 meli ya Norwegian Dawn, yenye abiria zaidi ya 2,000, ilizuiwa kutia nanga Mauritius baada ya baadhi ya abiria kuumwa tumbo. Vipimo vilionyesha kuwa haikuwa kipindupindu, lakini siku hizo za kusubiri baharini zinaonyesha tumbo moja linavyoweza kuyumbisha ratiba ya maelfu ya watu.

Jiko la watu karibu elfu kumi

Tuje kwenye ladha. Chukua kafeteria yoyote ya chuo wakati wa mitihani: foleni mpaka nje, wali umeshikana, maharage yanaongezwa maji. Sasa chukua Icon of the Seas, iliyoanza safari Miami Januari 2024. Inaweza kubeba abiria wapatao 7,600 ikijaa, na wafanyakazi kama 2,350. Hao wote wanakula kila siku, na wafanyakazi nao ni binadamu, wanakula pia.

Meli inafika bandari yake ya nyumbani alfajiri, inashusha abiria, inapakia mizigo, inapokea abiria wapya na kuondoka jioni ileile. Chakula cha wiki nzima kinaingia ndani ya hizo saa chache. Nyanya zikisahaulika nchi kavu, katikati ya bahari hakuna genge la kukimbilia. Kwa hiyo mpishi mkuu wa meli kazi yake kubwa ni kukadiria: watu wangapi watakula samaki Jumanne, mvua ikinyesha wangapi watakimbilia bafe.

Katika ukumbi mkuu, ule ambao chakula chake kimeshalipiwa ndani ya tiketi, mamia ya watu wanakaa mezani kwa wakati mmoja. Sahani zinatoka kwa mkupuo. Huko nyama haipikwi kama ya mtu mmoja mmoja. Inapikwa kama pilau la harusi, kwa makadirio. Lakini meli hiyohiyo ina migahawa midogo ya kulipia zaidi, ambako mpishi anahudumia watu wachache na ana muda wa kukuuliza nyama yako iive kiasi gani. Ndiyo maana abiria wawili wa meli moja, wiki moja, wanaweza kurudi nyumbani mmoja akisema "tulikula kama wafalme" na mwingine "tulinyanyasika", na wote wakawa wakweli.

Fuata hela

Hapa ndipo mhasibu anapoingia. Chukua hesabu za Carnival, kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hii, za mwaka 2019, kabla ya Korona. Ilitumia kama dola bilioni 1.08 kwa chakula. Mwaka huohuo meli zake zilikuwa na nafasi za vitanda zipatazo milioni 87 ukihesabu kitanda kimoja kwa siku moja. Gawanya: inakuja kama dola 12 kwa kitanda kwa siku. Humo kuna kifungua kinywa, mchana, usiku, vitafunio vya usiku wa manane, na chakula cha wafanyakazi. Kwa mama ntilie hizo ni sahani kibao. Kwa kampuni inayonunua kwa jumla kubwa zinatosha pia, lakini hazitoshi kumpa kila mtu kamba-koche wa pili.

Halafu angalia mapato. Mwaka huohuo Carnival ilipata karibu dola bilioni 20.8, na karibu theluthi moja ilitokana na manunuzi ya melini na huduma nyingine nje ya bei ya tiketi: vinywaji, kasino, matembezi ya nchi kavu, migahawa ya kulipia. Tiketi inakuingiza mlangoni. Faida inatafutwa ukishaingia. Sasa jiulize, kama wewe ndiye meneja, una sababu gani ya kuufanya ukumbi wa bure uwe mtamu kiasi kwamba hakuna atakayeenda kwenye ule wa kulipia?

Simaanishi kwamba kuna mtu anaharibu mchuzi kwa makusudi. Nasema mfumo unasukuma polepole. Norwegian ilianza kutoza dola 7.95 kwa kuletewa chakula chumbani mwaka 2015. Royal Caribbean ikafuata kwa bei hiyohiyo mwaka 2017. Kisha Korona ikasimamisha meli kuanzia Machi 2020, na kampuni zikaishi kwa kukopa. Kufikia mwisho wa 2022 Carnival ilikuwa na deni la zaidi ya dola bilioni 30. Mwaka 2023 ikaanza kutoza dola 5 kwa anayeagiza mlo mkuu wa tatu kwenye ukumbi, na kampuni kadhaa zikapunguza usafi wa vyumba vya kawaida kutoka mara mbili kwa siku hadi mara moja. Anayesema "zamani ilikuwa bora" si mzee mnung'unikaji tu. Kuna vitu vimeondolewa kweli, kimoja kimoja, na kila kimoja ni kidogo mno kufanyiwa mgomo.

Tabasamu nalo lina bei

Huduma ndiyo sehemu inayonigusa zaidi, kwa sababu anayelaumiwa ni mtu wa rika letu. Mhudumu wa ukumbini, mara nyingi Mfilipino, Mhindi au Mwindonesia, yuko kwenye mkataba wa miezi sita hadi tisa bila kurudi nyumbani. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006 unaruhusu nchi kuchagua kipimo: ama kazi isizidi saa 14 kwa siku na 72 kwa wiki, ama mapumziko yasipungue saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Piga hesabu ya kipimo cha pili. Wiki ina saa 168. Toa 77, zinabaki 91. Yaani mtu anaweza kufanya kazi saa 13 kila siku, siku saba, na sheria ikawa haijavunjwa.

Kipato chake kwa sehemu kubwa kinategemea bakshishi. Kampuni za soko la Marekani humwongezea abiria moja kwa moja kama dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku, na abiria aliyekasirikia nyama ngumu anaweza kwenda mapokezi akaomba zipunguzwe au ziondolewe. Hapo ndipo dhuluma ilipo. Aliyepunguza bajeti ya nyama yuko ofisini Miami. Anayekatwa ni aliyebeba sahani. P&O Cruises ya Uingereza ilifuta tozo hiyo mwaka 2019 na kuiingiza kwenye bei ya tiketi, kwa hiyo tusiambiwe kwamba hakuna njia nyingine.

Mfano unaonishawishi zaidi ni wa Februari 2013. Meli ya Carnival Triumph ilishika moto kwenye chumba cha injini ikiwa na watu zaidi ya 4,000. Umeme ukakatika, na jiko la meli linategemea umeme. Vyoo vikagoma, watu wakapanga foleni kwa saa nyingi kupata mkate wenye kitu kidogo ndani, mpaka ikavutwa kufika Mobile, Alabama. Abiria waliposhuka waliilaani kampuni, lakini wengi waliwasifu wafanyakazi. Chakula hakikuwepo, ladha haikuwepo, usafi haukuwepo, na bado abiria waliiona huduma.

Na sisi tunaingiaje?

Meli hizi hufika Mombasa na Zanzibar. Watalii hushuka asubuhi, wanazunguka Mji Mkongwe, wananunua viungo, na mara nyingi jioni wanarudi kula melini, kabla Forodhani hapajachangamka. Meli nayo kwa kawaida haiwezi tu kutuma mtu sokoni akanunue samaki wa asubuhi: ina mikataba ya ugavi, na chakula chake lazima kijulikane kimetoka wapi. Kwa hiyo tukitaka chakula chetu kiingie kwenye meza hizo, kazi inaanza kwenye vyumba vya baridi, vyeti na kumbukumbu za mvuvi, kabla ya kampeni za matangazo.

Kuhusu ajira, nasema na wewe uliyemaliza field na unasubiri simu. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp yanazunguka matangazo ya "nafasi melini", na wakala anataka kwanza utume hela ya kushughulikiwa. Kuna wenzetu wametoa hadi bumu. Ule mkataba wa 2006, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Unachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Gharama ya viza ni ya mwenye meli. Na mhudumu wa mezani kwenye meli naye ni baharia kwa maana ya mkataba huo. Wakala akikuambia hiyo sheria ni ya manahodha tu, funga mazungumzo.

Ukifika kwenye usaili, usiulize mshahara peke yake. Uliza saa za kazi kwa wiki, bakshishi inagawanywaje, abiria akiiondoa nani anafidia, mkataba ni wa miezi mingapi, na nauli ya kurudi nyumbani ni ya nani. Omba vyote hivyo viwe kwenye maandishi kabla hujasaini.

Tukirudi kwenye mjadala wa darasani, kura yangu ni hii: wanaosema chakula kimeshuka wana hoja, na wanaosema unakula ulicholipia nao wana hoja. Wanaokosea ni wale wanaotoka hapo wakamnunia mhudumu. Siku ukipewa nyama ngumu, lalamika, tena kwa maandishi, kwa kampuni. Bakshishi ya kijana aliyeileta mezani iache kama ilivyo.