Bendi Live Diani? Usikose Sengenya

Vuka feri Likoni, panda matatu ya Ukunda, kisha tuktuk hadi bichi. Enda mapema, jua la Diani si mchezo. Bendi za mchana zitakupigia Jambo Bwana, ule wimbo Them Mushrooms walitoa 1982, na watalii watashangilia. Sawa, cheza tu. Lakini wazee wa Kidigo wakipanda na sengenya, usiende kutafuta mahamri kama mimi! Nilirudi nzumari ikimalizia. Walipewa dakika kumi, ilhali bendi ya magitaa ilijaribu mitambo saa nzima. Mzee mmoja alikuwa akizunguka ngoma kadhaa peke yake, na nyuma yake sikuona kijana hata mmoja. Tukapiga kelele warudishwe. Dijei akawasha muziki wake.