Je, mtu anaweza kujifunza kuandika programu za kompyuta kwa kitabu peke yake?

Mara nyingi baada ya ibada mzazi anatushika mkono pale mlangoni na kuuliza: "Mtoto wangu alimaliza sekondari, sasa yuko nyumbani tu. Feza ya kumpeleka kusoma enformatiki hatuna. Kuna mtu alimpa kitabu. Ataweza kujifunza peke yake?" Wengi wanaouliza ni wamama, maana wao ndio wanaomwona kijana akishinda na telefone mkononi kutwa nzima.

Jibu letu ni ndiyo, anaweza. Lakini kuna mambo ambayo kitabu chenyewe hakimwambii, na moja kati ya hayo lilitupotezea dada mmoja kwa miezi mitatu. Tunalieleza hapa kusudi lisimpate mwingine.

Kwanza, kazi yenyewe ni nini? Kuandika programu ni kuiandikia kompyuta maagizo, mstari kwa mstari, ili ifanye kazi fulani. Ukimtuma mtoto kuchota maji, unamwambia neno moja tu, naye anajua mengine yote: achukue bidoni, aende bombani, arudi ikijaa. Kompyuta haijui lolote. Sharti uiambie: chukua bidoni, kama imetoboka, chukua nyingine, weka chini ya bomba, wakati bado haijajaa, endelea kungoja, ikijaa, funga bomba. Ukisahau kusema "funga bomba", maji yatamwagika mpaka kesho, na kosa litakuwa lako. Karibu kila kitu katika kitabu cha wanaoanza kimo ndani ya bidoni hiyo: kukipa kitu jina, kuuliza "kama", kurudia jambo mpaka hali ibadilike, na kufunga maagizo kadhaa pamoja chini ya jina moja ili usiyaandike tena na tena.

Lugha za kuandikia maagizo hayo ziko nyingi. Sisi tulichagua Python, lugha ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991, kwa sababu mistari yake ni mifupi na maneno yake ya lazima ni 35 hivi tu. Maneno hayo ni ya Kiingereza, kwa mfano "if" kwa kusema kama, na "while" kwa kusema wakati ambapo. Lakini majina ya vitu unayachagua mwenyewe: bidoni, sadaka, jumla. Kompyuta haijali ni lugha gani.

Kuhusu vitabu, kuna historia moja tunayopenda kuwasimulia wanaoanza. Mwaka 1999 mwalimu Mmarekani, Allen Downey, alikuwa anajitayarisha kufundisha somo la kwanza la programu. Vitabu vilivyokuwako aliviona vinene mno, na wanafunzi hawakuvisoma. Akaamua kuandika chake, kifupi: sura moja kwa siku, siku 13. Siku ya 14 akasahihisha, akakipeleka kwenye fotokopi. Kilikuwa cha lugha nyingine iitwayo Java, naye akaruhusu kila mtu akinakili na kukibadilisha. Jeff Elkner, mwalimu wa sekondari huko Virginia, akakigeuza kiwe cha Python. Basi Downey, ambaye hakuwa anaijua Python, akajifunza lugha hiyo kwa kusoma kitabu chake mwenyewe kilichogeuzwa na mwingine! Baadaye Mbelgiji Gérard Swinnen, naye mwalimu, akaanzia kwenye kitabu hicho hicho na kuandika cha Kifaransa, Apprendre à programmer avec Python, akaruhusu kigawanywe bure. Kwa sisi tuliosoma shule kwa Kifaransa, hicho ndicho tunachokiweka kwenye fleshi ya kijana anayetujia. Ni halali kukinakili, hakuna wizi ndani yake.

Sasa turudi kwa dada yetu.

Yeye alipewa na mjomba wake fotokopi ya kitabu kingine, cha zamani, ambacho jalada lake lilikuwa limepotea. Jioni, umeme ukiwako, alikaa kwenye kompyuta ya kaka yake. Ukurasa wa kwanza wenye mfano ulimwambia aandike hivi:

print "Bonjour"

Akaandika. Kompyuta ikamjibu kwa herufi nyekundu. Akafuta, akaandika tena. Akajaribu kwa herufi kubwa. Akahesabu herufi moja moja kwa kidole, akaona zote ziko sawa na za kitabu. Alihangaika juma mbili na mstari huo mmoja. Mwishowe akamwambia mama yake, "Kichwa changu si cha mambo hayo," akakunja fotokopi na kuacha kuja Siku ya Posho mchana, tunapokutana katika chumba cha nyuma cha kanisa. Sisi tulidhani ana kazi za nyumbani. Ni makosa yetu kwamba hatukumwuliza mapema.

Miezi mitatu baadaye mmoja wetu alienda kwao kumsalimu nyanya yake aliyekuwa mgonjwa, akauliza habari za kitabu. Dada akaonyesha mstari wake. Kilichokosekana kilikuwa mabano mawili:

print("Bonjour")

Kitabu hakikuwa na kosa, na dada hakuwa na kosa. Mwezi wa 12 mwaka 2008 lugha ya Python ilibadilishwa, ikatoka Python 3, na tangu hapo neno "print" linadai mabano. Python 2 iliendelea kutunzwa pembeni mpaka tarehe 1 Januari 2020, kisha ikaachwa. Lakini fotokopi haisikii kwamba lugha imebadilika. Inapita mkono kwa mkono, kutoka kwa kaka hadi kwa binamu, na kila anayeipokea anaweka kwenye kompyuta yake Python ya leo. Ndipo kitabu na masini vinabishana, na yule asiyejua anafikiri kwamba mjinga ni yeye.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, fungua kitabu na utafute mfano wa kwanza wenye "print". Ukiona hakuna mabano, kitabu ni cha Python 2. Usikitupe, maana maelezo yake juu ya "kama" na juu ya kurudia bado ni ya kweli. Lakini anayeanza peke yake atafute kitabu kipya. Cha Swinnen pia kiko cha zamani na kipya. Kipya kina neno "Python 3" kwenye jina lake.

Mabano ni afazali, kwa sababu kompyuta inakataa waziwazi. Kuna mabadiliko mengine yanayopita kimya. Ukigawanya 7 kwa 2, yaani 7/2, Python ya zamani inajibu 3, nusu imepotea bila kelele yoyote. Ya leo inajibu 3.5. Lingine lilitupata sisi wenyewe, mbele ya mzee anayetunza feza za kanisa. Tulitaka kumwonyesha kwamba kazi yetu ina faida, tukanakili kutoka kitabu cha zamani mistari mitatu:

a = input("Sadaka ya kwanza: ")
b = input("Sadaka ya pili: ")
print(a + b)

Mzee akaandika 5000, kisha 3000. Kompyuta ikajibu 50003000. Mzee akacheka mpaka akavua miwani: "Wanangu, leo kanisa limetajirika!" Sisi tulikuwa tumeona haya. Katika Python ya zamani, "input" ingefahamu kwamba 5000 ni hesabu, na jibu lingekuwa franka 8000. Katika ya leo, kila kitu kinachoandikwa kwenye klavie kinapokelewa kama maneno, na kujumlisha maneno ni kuyabandika moja nyuma ya lingine. Sharti uiambie kompyuta igeuze maneno yawe hesabu, kwa kuandika int(input("Sadaka ya kwanza: ")). Tangu siku hiyo tunafundisha kwamba programu isiyolalamika si lazima iwe inasema kweli. Kwanza tunaipa hesabu ndogo ambayo jibu lake tunalijua kichwani.

Tuseme kidogo juu ya herufi nyekundu, maana ndizo zinazowafukuza wengi. Dada yetu aliziogopa, hakuzisoma. Tulipozisoma pamoja, mstari wa mwisho ulianza na "SyntaxError: Missing parentheses". Ni Kiingereza, lakini aliyesoma sekondari kwa Kifaransa anajua "parenthèses" ni nini! Jibu lilikuwa pale pale machoni pake, juma mbili nzima. Anza kusoma kutoka chini: mstari wa mwisho unataja aina ya kosa, na juu yake utaona namba ya mstari wenye shida. Ukikuta "NameError", umetumia jina ambalo kompyuta hailijui, na mara nyingi umekosea herufi moja. "TypeError" inaonyesha kwamba umechanganya vitu visivyochanganyika, kama maneno na hesabu. Kila mmoja wetu ana daftari dogo: upande wa kushoto kosa, upande wa kulia jinsi lilivyopona. Kwa mgeni anayeanza, daftari hilo linasaidia kuliko maelezo yetu marefu.

Vifaa si vingi. Kompyuta ya zamani inatosha. Faili ya kuweka Python ni mega 30 hivi, na ikiisha kuwekwa, intaneti haihitajiki tena. Mtu mmoja mwenye mega anaweza kuichukua kwenye tovuti ya python.org na kuwagawia wengine kwa fleshi. Angalieni jambo moja: masini nyingi tunazopata huku bado zina Windows 7, na toleo la mwisho la Python linalokubali Windows 7 ni 3.8. Ukileta jipya zaidi litakataa, na utadhani masini imekufa. Asiye na kompyuta anaweza kutumia telefone ya Android kwa programu iitwayo Pydroid 3, ingawa vidole vinachoka upesi.

Klavie zetu nyingi ni za Kifaransa, za AZERTY, na vitabu havielezi hapo. Mabano ya mraba na alama ya # vinapatikana kwa kushikilia AltGr, yaani AltGr na 5 kwa kufungua mabano ya mraba, na AltGr na 3 kwa alama ya #. Tumeona kijana mwerevu akisimama siku nzima kwa ajili ya mabano hayo.

Na umeme je? Hapo ndipo kitabu cha karatasi kinashinda video. Umeme ukikatika, tunacheza kompyuta. Mmoja anaandika mistari kwenye karatasi, mwingine anakuwa masini: anafuata kila mstari kwa kidole na kuandika pembeni thamani ya kila jina inavyobadilika. Haruhusiwi kukisia wala kuruka. Utashangaa kuona ni mara ngapi aliyeandika anapaza sauti, "Ngoja, hapo nilisahau!" kabla umeme haujarudi. Ila ukinakili kwa mkono, tunza nafasi za mwanzo wa mstari. Katika Python, mistari iliyo ndani ya "kama" inasogezwa kulia nafasi nne, na usogezaji huo ndio unaoonyesha kilicho ndani na kilicho nje. Fotokopi iliyopinda inaharibu jambo hilo kabisa.

Na andika kwa vidole vyako. Kijana anayesoma sura tatu kitandani na kusema ameelewa, siku anapokaa mbele ya masini anajikuta hajui aanzie wapi. Sisi tunapendelea kurasa kumi zilizoandikwa, zikaharibiwa kwa makusudi na kutengenezwa tena, kuliko kitabu kizima kilichosomwa kama gazeti.

Wazazi wanatuuliza pia kama kuna kazi mwishoni. Hatutawadanganya. Kitabu kimoja hakimpi mtu mshahara. Kinampa msingi, na baada yake kuna miaka ya kuendelea. Tumeona tangazo linalodai dola kwanza kwa ahadi ya cheti cha haraka na kazi ya nje. Kijana mmoja wa kwetu alilipa na hakupata hata somo la kwanza. Kabla ya kutoa feza, mwambieni mtoto amalize sura tano za kitabu cha bure. Atajua mwenyewe kama anaipenda kazi hii.

Dada yetu alirudi. Sasa ndiye anayewapokea wapya Siku ya Posho, na jambo la kwanza analofanya ni kuomba kitabu chao na kutafuta "print". Programu ya sadaka ameiandika upya. Inajumlisha sawasawa, na inakataa mtu akiandika herufi mahali pa hesabu. Daftari la karatasi bado linaandikwa sambamba nayo. Mzee hajakubali kuliacha, na sisi hatujamwomba aliache.