Je, Wajua? Geji ya Kolwezi Haisomi Kama ya Mombasa
Injini nzima ya petroli ikinguruma Mombasa bila kukanyagwa mafuta, geji ya vakyumu husoma inchi 18 hivi. Ilete Kolwezi, zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, nayo itasoma 13 au 14. Haivuji popote! Hewa ya huku juu ni nyepesi. Kila mita 300 hupunguza takriban inchi moja. Fundi asiyelijua hilo hubadilisha mipira mizima ya vakyumu bure.

Uvujaji wa kweli mara nyingi husikika: "sssss", na mngurumo hupanda na kushuka. Nyunyiza maji ya sabuni kidogo kwenye maungio. Yakinyonywa, mlio hubadilika papo hapo. Petroli usithubutu, hushika moto.

Mpira mnene wa busta ukipasuka, pedali ya breki huwa ngumu ghafla. Hapo usiendelee na safari.

Kiangazi, kwenye barabara ya udongo ya kwenda Mutshatsha, ufa mdogo wa mpira nyuma ya chujio cha hewa hunyonya vumbi jekundu hadi ndani ya silinda, likasaga ringi.

Gari la dizeli je? Mengi hutengeneza vakyumu yake kwa pampu ndogo. Anzia hapo.