Betri Mbadala na Betri Bandia

Kwa mpiga picha wa Viwanja Sitini, mjini Ifakara, kamera ndiyo jembe lake. Betri ikimwishia katikati ya harusi, bibi arusi harudishwi ukumbini ili apigwe picha upya. Hatumlaumu, basi, anunuapo betri ya akiba ya kampuni nyingine, ambayo bei yake ni nafuu kuliko ile ya asili.

Lakini hapana budi kutenganisha mambo mawili. Betri mbadala hutaja waziwazi jina la mtengenezaji wake. Betri bandia huiba jina la mwingine. Ya kwanza yaweza kuwa nzuri. Ya pili ni hila, na mara nyingi hukosa kinga ya ndani inayokata umeme betri inapozidi kujaa. Betri ya lithiamu isiyo na kinga hiyo huweza kuvimba, hata kuwaka moto.

Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975, na Taasisi ya Viwango Zanzibar hayana budi kuzinasa bandia bandarini, Bara na Visiwani, bila kuzizuia mbadala zilizo halali. Mnunuzi naye alinganishe volti, na iliyovimba asiichaji tena. Tahadhari kabla ya hatari.