Kipimo kipya cha kifafa cha mimba chatafuta mlipaji Ukambani

Kliniki nyingi za wajawazito katika kaunti za Kitui na Makueni, Kenya, zinategemea bidhaa mbili za bei nafuu: mashine ya presha na kichupa cha vijiti vya kupimia mkojo. Muuguzi huchovya kijiti, husubiri kidogo, kisha hulinganisha rangi yake na zile zilizochapishwa ubavuni mwa kichupa. Protini ikionekana na presha imefika 140 kwa 90, mama ameshaugua. Kampuni za vipimo vya damu zinadai zinaweza kumtambua mapema.

Zinachouza ni vitendanishi vya kupima protini mbili zinazotoka kwenye kondo la nyuma. PlGF husaidia mishipa ya damu kukua, sFlt-1 huizuia. Kondo likianza kulemewa, ya kwanza hushuka na ya pili hupanda, mara nyingi wiki kadhaa kabla ya dalili za ugonjwa unaoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Roche ya Uswisi imo sokoni muda mrefu. Thermo Fisher ilipata kibali cha Marekani Mei 2023.

Wauzaji hupenda neno kutabiri. Kwa mhasibu wa kaunti, faida iko kwingine: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba uwiano wa sFlt-1 kwa PlGF usiozidi 38 unaondoa karibu kabisa hofu ya ugonjwa huo kwa wiki moja mbele. Yaani mama mwenye presha ya wasiwasi anaweza kuruhusiwa kwenda nyumbani. Hata hivyo, mashine ikiwa Kitui mjini na mama ametoka mbali, Tseikuru au Ikutha, mafuta ya ambulensi yameshatumika. Kinachookolewa ni kitanda tu.

Hesabu ya vitendanishi ndiyo ngumu zaidi. Katika biashara hii mwenye mashine mara nyingi huikabidhi hospitali bila malipo ya mwanzo, kisha hurudisha fedha zake kwa kila pakiti inayonunuliwa. Pakiti ikifunguliwa, siku zake zinahesabika. Hospitali yenye wagonjwa wachache wa aina hii humwaga inayobaki, na bei halisi ya jibu moja hupita ile iliyoandikwa kwenye ankara. Kaunti zinalijua jeraha la mashine: mpango wa kukodi vifaa wa mwaka 2015 ulipeleka mitambo kwenye hospitali 98, zikiwemo mbili kila kaunti, na baadhi ilikaa bila kazi kwa kukosa umeme au wataalamu.

Nani alipe? Makueni ilianza MakueniCare mwaka 2016, familia ikilipa shilingi 500 kwa mwaka, na hospitali yake ya mama na mtoto ya Wote ina vitanda 200. Hapo kuna wagonjwa wa kutosha kujaribu. Lakini tangu Oktoba 2024 uzazi unalipiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kupitia mpango wa Linda Jamii: shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida, 30,000 kwa upasuaji. Kipimo cha ziada kisipotengewa fungu lake kitakula humo humo, na sioni msimamizi wa hospitali atakayekishangilia.

Soko la kupima mapema zaidi katika mimba ni jembamba. Utafiti wa mwaka 2017 ulipunguza kwa asilimia 62 ugonjwa huo unaotokea kabla ya wiki 37, kwa aspirini ya miligramu 150 kila usiku, lakini wanawake walioshiriki walichujwa kati ya wiki ya 11 na ya 13. Wakenya wengi huanza kliniki baada ya hapo.

Wengine wanapendekeza kuiga usafirishaji wa sampuli za virusi vya Ukimwi, zinazopelekwa kwenye maabara kubwa kutoka zahanati za mbali. Jibu la sampuli hizo linaweza kungoja siku kadhaa na mgonjwa akaendelea na dawa zake. Mjamzito mwenye presha ya 150 anahitaji jibu siku hiyo hiyo, kwa hiyo mashine ikija itakaa Wote, Kitui mjini na pengine Mwingi, na zahanati zitabaki na vijiti vyao, ambavyo navyo huisha.