Mabadiliko ya Kijeni katika Proteasi ya VVU na Athari Zake kwa Utambuzi wa Protini: Funzo kwa Uganda

Ikisiri
Makala haya yanafafanua jinsi mabadiliko ya kijeni katika proteasi, kimeng'enya cha Virusi Vya Ukimwi (VVU), yanavyoathiri utambuzi wa protini ambazo kimeng'enya hicho hukata. Inajengwa hoja kwamba usugu wa dawa hauwezi kueleweka kwa kuchunguza kimeng'enya peke yake, kwani protini inayokatwa nayo hubadilika.

1.0 Utangulizi
Mgonjwa anayeishi Kibuli, jijini Kampala, dawa zake za awali zikishindwa, huweza kuandikiwa lopinavir au atazanavir. Zote mbili huzuia proteasi. Iwapo nazo zitashindwa, huenda akaambiwa kwamba virusi "vimezoea dawa". Kauli hiyo hueleweka upesi, lakini hupotosha: virusi havizoei, bali vile vilivyobadilika umbo ndivyo vinavyosalia na kuzaliana, hasa dawa zinapomezwa kwa kurukaruka.

2.0 Utendaji wa Proteasi
Proteasi ya VVU huundwa na vipande viwili vinavyofanana, kila kimoja kikiwa na asidi amino 99. Katikati yake mna uwazi ambamo minyororo mirefu ya protini, Gag na Gag-Pol, hukatwa ili virusi vipevuke. Sehemu zinazokatwa hazifanani kwa mfuatano wa asidi amino. Kinachotambuliwa hasa ni umbo la mnyororo ukiwa ndani ya uwazi huo. Kwa hiyo, mfano uliozoeleka wa ufunguo na kufuli hautoshi.

3.0 Athari za Mabadiliko
Katika nafasi ya 82, valini inapobadilika kuwa alanini, ambayo ni ndogo zaidi, dawa hupoteza sehemu ya mshiko wake. Hata hivyo, virusi hulipa gharama, kwani baadhi ya sehemu za Gag huweza kukatwa kwa udhaifu. Fidia hupatikana ndani ya Gag yenyewe: katika nafasi ya 431, alanini huwa valini, na ukataji huimarika.

Nchini Uganda, aina ndogo za VVU zilizoenea ni A na D, ilhali tafiti nyingi za proteasi zilijengwa juu ya aina B. Katika aina A, nafasi ya 36 kwa kawaida huwa na isolusini. Tofauti hiyo ya kimaumbile si usugu, na haifai kusomwa hivyo.

4.0 Hitimisho
Vipimo vya kawaida vya usugu husoma jeni za vimeng'enya na kuiacha Gag. Inapendekezwa kwamba tafiti za usugu nchini zichunguze vyote viwili kwa pamoja. Aidha, kwa kuwa Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, istilahi za ushauri nasaha zitofautishe "kuzoea" na "kubadilika". Mgonjwa anayeelewa tofauti hiyo huelewa pia kwa nini kila dozi ina uzito.